Moyo unaposimamishwa, nani anaendesha damu?

Na Mwandishi Wetu, Soni

Mara kwa mara baada ya swala ya Ijumaa, katika misikiti yetu ya Soni na vijiji vya jirani, husimama mzee akawaomba radhi watu kwa kuwachelewesha, kisha akatangaza kuwa kuna mtoto mwenye tundu kwenye moyo anayetakiwa kupelekwa Dar es Salaam kwa upasuaji. Waumini hutoa walichonacho, Allah (SW) awalipe kheri. Maswali yanayofuata huwa ni yale yale. Daktari gani atampasua? Itagharimu kiasi gani? Na je, ni kweli kwamba moyo husimamishwa kabisa? Swali hili la mwisho hujibiwa kwa kunong'ona, na aghalabu hujibiwa vibaya. Wapo wasemao kuwa mgonjwa hufishwa kisha akahuishwa, kauli ambayo Muislamu hapaswi hata kuitamka, kwani kuhuisha na kufisha ni kwa Allah peke yake.

Katika makala haya tutaeleza, inshaallah, kinachofanyika hasa. Tutamweleza pia mtu ambaye ndugu wa mgonjwa karibu hawamuulizii kabisa, naye ni yule anayekaa pembeni ya kitanda cha upasuaji akiendesha mashine ya moyo na mapafu. Fani yake huitwa pafyusheni, yaani kazi ya kupitisha damu mwilini wakati moyo haufanyi kazi. Daktari bingwa anaweza kuwa hodari kuliko wote, lakini bila mtu huyu hawezi kufungua moyo na kuziba tundu lililo ndani yake.

Njia ya damu

Wengi wetu tumeisikia hadithi mashuhuri iliyopokewa na Nuuman bin Bashir (RA), inayozungumzia kipande cha nyama ambacho kikitengenea mwili wote hutengenea. Masheikh wetu hutufundisha maana yake ya kiimani, nayo ndiyo iliyokusudiwa. Ila hata kwa upande wa mwili, hali ni hiyo hiyo. Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na akiwa ametulia husukuma kiasi cha lita 5 za damu kila dakika.

Damu iliyotumika hurudi upande wa kulia wa moyo. Kutoka hapo husukumwa kwenda kwenye mapafu, ikaacha hewa chafu na kuchukua oksijeni, ikarudi upande wa kushoto, na ndipo ikasukumwa mwili mzima. Leo mwanafunzi wa sekondari anaichora njia hii daftarini. Lakini kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu walifuata kauli ya Jalinus, tabibu wa zama za Warumi, kwamba damu hupenya ukuta wa katikati ya moyo kupitia vitundu visivyoonekana. Aliyeikataa kauli hiyo kwa maandishi ni mwanachuoni wetu Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Sham aliyefanya kazi Kairo na kufariki mwaka 1288. Katika sherehe yake juu ya elimu ya viungo ya Ibn Sina, aliandika kuwa ukuta ule ni mzito na hauna matundu, na kwamba damu haina budi kupita kwenye mapafu. Maandishi yake yalisahauliwa hadi mwaka 1924, pale daktari kijana wa Kimisri aliyekuwa akisoma Ujerumani, Muhyiddin al-Tatawi, alipoyakuta katika maktaba ya Berlin.

Tumeitaja historia hii kwa sababu mashine tunayoizungumzia inaiga njia hiyo hiyo aliyoieleza Ibn al-Nafis. Mtoto mwenye tundu katika ukuta wa moyo ana kile ambacho Jalinus alidhani kila mtu anacho.

Mashine inafanya nini?

Daktari huingiza mipira kwenye mishipa mikubwa inayorudisha damu moyoni. Damu, badala ya kuingia moyoni, huteremka kwenye mipira hiyo hadi kwenye chombo kilicho chini ya usawa wa kitanda. Pampu huisukuma ikapita kwenye kifaa chenye nyuzi nyembamba mithili ya nywele, zilizo wazi ndani, ambamo hewa ya oksijeni hupita. Hapo damu huacha hewa chafu na kuchukua safi. Hili ndilo pafu la bandia. Kisha damu hupozwa au kupashwa moto kadiri inavyohitajika, huchujwa, na kurudishwa mwilini kupitia mshipa mkuu utokao moyoni. Baada ya hapo daktari huweza kuusimamisha moyo kwa dawa yenye potasiamu, akaufungua na kuutengeneza huku ubongo, figo na ini vikiendelea kupata damu. Kwa hiyo mgonjwa hajafa. Ni hai muda wote, isipokuwa moyo wake umepumzishwa.

Mtu wa kwanza kufanikiwa kwa mashine ya namna hii ni daktari wa Marekani, John Gibbon. Wazo lilimjia mwaka 1931 alipokesha na mgonjwa aliyezibwa na bonge la damu kwenye mapafu, na mgonjwa huyo akafariki. Alihangaika na wazo hilo zaidi ya miaka 20, akisaidiwa na mkewe Mary katika maabara. Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, aliziba tundu la moyo la msichana wa miaka 18, na kwa dakika 26 mashine ilibeba kazi yote ya moyo na mapafu.

Sasa tumtazame mwenye kuiendesha. Damu ikigusa plastiki huganda, hivyo kabla ya yote mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia kuganda iitwayo heparini. Mwendesha mashine hupima mara kwa mara muda ambao damu inachukua kuganda. Ukipungua, huongeza dawa. Hutazama kiasi cha oksijeni, chumvichumvi za damu, joto la mwili, msukumo wa damu na mkojo. Huchunga pia povu la hewa, kwa kuwa povu dogo likipanda kwenye ubongo laweza kumpooza mtu aliyeingia chumbani akitembea. Umeme ukikatika, mashine huwa na betri. Betri nayo ikishindwa, upo mkono maalumu wa chuma, na mtaalamu huizungusha pampu kwa nguvu zake mwenyewe huku akihesabu mizunguko. Sisi tuliozoea umeme wa kukatika tunaweza kuelewa kwa nini zoezi hilo hufanywa mara kwa mara, hata siku ambazo hakuna mgonjwa.

Kwa mtoto mchanga kazi huwa nzito zaidi. Mtoto wa kilo 5 ana damu ya takriban mililita 400 tu mwilini, pungufu ya chupa ndogo ya soda mbili. Mipira ya mashine lazima ijazwe maji ya dawa kabla ya kuanza, na maji hayo yakikaribia wingi wa damu yake, damu itakuwa nyepesi mno. Hivyo mtaalamu huchagua mipira mifupi na myembamba, na mara nyingi huongeza damu ya kuchangiwa. Kukosea kwa kiasi cha kikombe cha kahawa ni kosa kubwa.

Waislamu wengi huuliza kuhusu heparini, nao wana haki ya kuuliza. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya dawa hii duniani hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe, ingawa ipo pia itokanayo na ng'ombe. Baraza la Fiqhi la Rabita, huko Makka, lilijadili aina mojawapo ya dawa hii katika kikao chake cha Desemba 2003. Liliruhusu itumike pale ambapo hakuna mbadala wa halali unaotosheleza tiba, kwa kiasi cha haja na bila kupanua matumizi. Mwenye wasiwasi amuone sheikh wake na daktari wake kabla ya siku ya upasuaji. Asisubiri mgonjwa awe juu ya kitanda. Na kwa kuwa dawa ya kuiondoa nguvu heparini mwishoni mwa upasuaji, yaani protamini, hutokana na samaki, mgonjwa ambaye samaki humdhuru akavimba au kuwashwa aseme mapema.

Hapa nyumbani

Kabla ya mwaka 2008, Mtanzania aliyehitaji upasuaji wa kufungua moyo alipelekwa nje, hasa India. Mwaka huo Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuufanya hapa nchini, na mwaka 2015 huduma hiyo ikawa taasisi inayojitegemea, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyo hapo hapo Muhimbili. Makundi ya wataalamu kutoka nje hufika kwa kambi za upasuaji wa watoto. Miongoni mwao ni wale wanaoletwa na Muntada Aid, shirika la misaada la Waislamu lenye makao Uingereza, kwa mpango wake uitwao Little Hearts.

Kambi hizi ni neema. Lakini kundi la wageni huja na mwendesha mashine wao, na likiondoka huondoka naye. Watoto waliobaki kwenye orodha humsubiri mwenyeji. Vyumba vya upasuaji vikiwa vinne na waendesha mashine wakiwa wawili, mioyo itakayofunguliwa kwa wakati mmoja ni miwili, hata kama madaktari wamejaa tele. Hesabu hii ni nyepesi, nayo husahaulika kila tunaposikia kwamba kumenunuliwa vifaa vipya.

Elimu isiyokwisha

Mtu anaweza kudhani kuwa aliyesomea mashine akapata cheti amemaliza. Sivyo. Bodi inayowatambua wataalamu hawa nchini Marekani huwataka waendeshe mashine kwa wagonjwa wasiopungua 40 kila mwaka, na kila miaka mitatu wawe wamekusanya alama 45 za masomo ya ziada. Asiyetimiza hupoteza utambuzi wake, hata awe na mvi.

Kwa nini ukali wote huo? Tuchukue mfano mmoja unaohusu usafi, ambao ndio mada ya ukurasa huu. Tumesema damu hupozwa na kupashwa. Kazi hiyo hufanywa na kifaa cha pembeni chenye tangi la maji, ambayo huzunguka kwenye mipira yake bila kugusana na damu. Kwa miaka mingi hakuna aliyekitilia shaka. Kisha madaktari wa Zurich, Uswisi, wakawaona wagonjwa waliopasuliwa moyo vizuri kabisa wakirudi wagonjwa baada ya miezi na hata miaka, wakiwa na homa na kukonda. Walikutwa na bakteria iitwayo Mycobacterium chimaera, ambaye ni wa ukoo mmoja na kifua kikuu. Uchunguzi ulionyesha kuwa alikuwa akiishi katika tangi lile. Feni ya kifaa ilikuwa ikirusha vitone vidogo mno hewani, navyo vikatua kwenye kifua kilicho wazi. Mwaka 2015 tahadhari zilitolewa Ulaya na Marekani kwamba kifaa kisafishwe kwa utaratibu mpya, kijazwe maji yaliyochujwa, na feni yake ielekezwe mbali na mgonjwa, au kifaa chenyewe kitolewe nje ya chumba inapowezekana.

Mtaalamu aliyehitimu mwaka 2010 hakufundishwa hayo chuoni, kwa kuwa hakuna mwalimu aliyeyajua. Aliyeendelea kusoma aliyapata, na aliyeacha kusoma aliendelea kuweka tangi miguuni pa mgonjwa. Na hapa tuseme jambo ambalo huwachanganya watu. Maji yanaweza kuwa tahiri, yakafaa kwa udhu bila shaka yoyote, na bado yakawa na vijidudu visivyofaa kuingia kwenye kidonda. Hukumu ya twahara na hukumu ya maabara hazigombani, kila moja ina mahali pake.

Zamani kusoma huku kulihitaji nauli ya ndege, viza na ruhusa ya mwajiri. Njia ilianza kufunguka Julai 2009, pale mkonga wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na intaneti ikapata kasi ya kubeba picha na sauti. Sasa Hospitali ya Watoto ya Boston ina masomo ya bure kwa wahudumu wa afya wa dunia nzima, kwa jina la OPENPediatrics. Na tangu mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga mipaka, mikutano mingi ya wataalamu ilihamia mtandaoni. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kumaliza zamu yake, akaswali Isha, akafungua kompyuta na kufuatilia mhadhara, akajibu maswali na kupewa alama zake.

Tusipige chuku lakini. Intaneti haimfundishi mtu mkono. Kuhisi kuwa mpira umepinda, kusikia sauti ya pampu ikibadilika, kutulia damu inapopungua ghafla, hayo hupatikana kwa kukaa na mzoefu na kwa kufanya mazoezi kwenye mashine iliyojazwa maji. Dereva wa barabara ya Mombo hadi Soni hakujifunza kona zile kwa kutazama picha. Tena masomo mengi huwa kwa Kiingereza, bando lina gharama, na baadhi ya vyeti hulipiwa kwa dola. Mwajiri anayemtaka mtumishi asome usiku kwa bando lake mwenyewe, kisha asubuhi amkabidhi uhai wa mtoto, anapaswa kujitafakari.

Kuna jambo jingine. Masomo ya Ulaya huandikwa kwa wagonjwa wa Ulaya, ambao wengi ni wazee wenye mishipa iliyoziba. Wagonjwa wetu wengi ni watoto na vijana. Baadhi yao wana selimundu, au sikoseli kama wengi waiitavyo, na vinasaba vyake hupatikana zaidi kwa watu wa tambarare zenye malaria, kama kule Korogwe, kuliko huku milimani. Chembe za damu ya mgonjwa huyu hupinda zikipata baridi au zikikosa oksijeni, ilhali kupoza damu ni kazi ya kila siku ya mashine. Kwa hiyo mtaalamu wa Afrika Mashariki hutakiwa pia kuwa msemaji katika masomo hayo, awaeleze wenzake wa ng'ambo yale ambayo wao huyaona kwa nadra.

Imam al-Ghazali, katika Ihyaa Ulumid-Din, aliihesabu tiba kuwa ni fardhi kifaya, akalalamika kwamba ipo miji isiyo na tabibu Muislamu huku watu wakisongamana kusomea mizozo ya kifiqhi. Leo fardhi hiyo imepanuka. Wapo vijana wetu wa Soni, wa kiume na wa kike, wanaofanya vizuri fizikia, kemia na baiolojia. Wazazi huwatajia udaktari peke yake. Katika nchi nyingi waendesha mashine hutokea kwenye uuguzi au fani ya usingizi, wakaongezewa mafunzo. Atakayeipenda njia hiyo ajue kuwa ni kazi ya kusoma hadi kustaafu.

Kabla ya kufika kwenye mashine

Baadhi ya mioyo inayofunguliwa ingeweza kusalimika. Mtoto akiugua koo kwa bakteria aitwaye streptokokasi bila kutibiwa, mwili unaweza kuingiwa na homa ya baridi yabisi, nayo ikala vali za moyo. Husambaa panapo msongamano. Baridi ya Juni na Julai hapa kwetu hutufanya tufunge madirisha na kulala wengi chumba kimoja, na madrasa za bweni nazo zijiangalie. Wekeni upenyo wa hewa, watoto wasichangie vikombe wala miswaki, na mwenye koo linalouma pamoja na homa apelekwe kituo cha afya, akimaliza dawa zote alizoandikiwa. Kumkata kimeo si tiba. Kukata huko hakuui bakteria, na kumewatoa watoto damu nyingi. Aliyekwisha kuambiwa ana homa ya baridi yabisi huandikiwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Asiache kwa kuwa anajisikia mzima.

Dalili za moyo nazo zitazamwe. Mtoto mchanga anayetoka jasho na kuchoka akinyonya, asiyeongezeka uzito, au mwenye midomo ya rangi ya bluu. Mtoto aliyezoea kupandisha mlima kwenda madrasa na sasa anasimama au kuchuchumaa kila baada ya hatua chache. Mama mjamzito anayeshindwa kulala chali kwa kukosa pumzi. Hawa wasizungushwe kwa waganga. Waanzie kituo cha afya, kisha Hospitali ya Wilaya Lushoto au Bumbuli, watakaowaandikia rufaa ya Bombo, Tanga, na kutoka huko Dar es Salaam. Karatasi ya rufaa na vipimo vyote vihifadhiwe pamoja.

Siku ya kuzungumza na madaktari, ulizeni pia nani ataendesha mashine na ana uzoefu gani kwa watoto wa umri wa mgonjwa wenu. Swali hili si la utovu wa adabu, na mtaalamu mzuri hulifurahia. Watakaomsindikiza mgonjwa wawe tayari kupimwa na kuchangia damu, maana mipira ile ya mashine haijazwi kwa fedha za mchango peke yake.